Gharama ya Nyumba Zisizotozwa Kodi

Katika nchi nyingi nyumba za ibada, shule na hospitali zisizotafuta faida hazitozwi kodi ya majengo, maana zawafaa watu wote. Lakini mahitaji ya mji hayapungui kwa msamaha huo. Tuseme mji una nyumba 10 za thamani moja, nao wahitaji shilingi 100 kwa kuzoa taka, kuwasha taa na kutengeneza njia. Kila nyumba yatoa shilingi 10. Nyumba 5 zikisamehewa, zile 5 zilizosalia zatoa shilingi 20 kila moja; ama sivyo, taa zizimwe.

Hiyo si hesabu ya ubaoni tu. Huko Marekani, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, kipo Chuo Kikuu cha Yale, kilichoanzishwa mwaka 1701. Majengo yake ya masomo yamesamehewa, ijapokuwa maduka kinayoyapangisha hulipiwa kodi. Serikali ya jimbo huufidia mji, lakini fidia hiyo haijazi pengo. Basi mwaka 2021 chuo kiliahidi kuupa mji jumla ya dola milioni 135 katika miaka 6. Fedha hizo ni nyingi, wala sizidharau. Ila ni za hiari. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye mwenye nyumba humtwisha kodi ya mji ndani ya malipo ya chumba, yeye hakuulizwa hiari yake.