MAWE YA STESHENI YA SITA

Katika mwezi wa Desemba, mwaka 2008, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum walijipanga mstari katika jangwa la Nubia, kaskazini ya Sudan, wakaenda polepole wakitazama chini. Jangwa hilo limejaa mawe meusi. Wao walitaka yale tu yaliyoanguka kutoka mbinguni miezi miwili iliyotangulia.

Habari yenyewe ilianza tarehe 6 Oktoba mwaka huo, wakati mtazamaji wa nyota katika jimbo la Arizona, Marekani, alipoona kitu kikielekea duniani, upana wake kadiri ya mita 4. Siku ya pili yake, alfajiri, kilipasuka juu ya jangwa hilo, kilomita 37 hivi kutoka ardhini. Kabla ya hapo haikupata kutokea kimondo kionwe kingali mbali angani, kisha vipande vyake viokotwe. Mawe hayo yaliitwa Almahata Sitta, yaani Stesheni ya Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho jirani. Na Mswahili hahitaji mkalimani wa neno hilo la pili.

Kimondo cha jiwe hutambuliwaje? Aghalabu huwa na ngozi nyeusi, nyembamba, iliyofanyika uso wake ulipoyeyuka kwa joto la kupita hewani. Mengi huvutwa na sumaku, kwa kuwa yana chembe za chuma na nikeli. Lakini alama hiyo haitoshi, maana hata mavi ya chuma huweza kuvutwa, na watu wengi wamewapelekea mabingwa takataka za wahunzi wakidhani wamepata mali.

Kujua jiwe ni la ukoo gani ni kazi ngumu zaidi. Hukatwa kipande, kikasuguliwa hata kikawa chembamba kiasi cha nuru kupenya, ndipo kitazamwe kwa hadubini. Vimondo vingi vya mawe vina punje za mviringo ndani yake, navyo huitwa kondraiti. Mawe mengi ya Sudan hayakuwa na punje hizo. Yalikuwa na kaboni nyingi, hata na chembe za almasi zisizoonekana kwa macho, basi yakawekwa katika ukoo wa nadra uitwao yureilaiti.

Shida ilitokea baadhi ya vipande vilipoonekana kuwa ni kondraiti halisi. Je, vilikuwa ni vimondo vya kale vilivyolala pale pale tangu zamani, vikaokotwa pamoja na vipya? Hapana budi kupata ushahidi, kwani mtu akichanganya mawe ya nyakati mbili, hesabu yake yote huharibika. Mabingwa walipima baadhi ya kondraiti hizo, wakakuta ndani yake vitu vitoavyo miali ambavyo jiwe huvipata likiwa angani, navyo hufifia upesi likiisha kuanguka. Kwa hiyo mawe hayo yalikuwa mageni jangwani kama wenzao: kitu kimoja kilichopasuka alfajiri ile kilikuwa kimebeba mawe ya koo mbalimbali.