Mbwa na Paka wa Utafiti: Makao Yao Baada ya Maabara

Kwa desturi ya miaka mingi, mbwa na paka wanaotumiwa katika utafiti wa kisayansi huuawa jaribio linapokwisha, ama kwa sababu wanasayansi wanahitaji kuchunguza viungo vyao vya ndani, ama kwa sababu hakuna aliyepanga waende wapi. Desturi hiyo imeanza kulegea. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa 2010 kuhusu wanyama wa maabara, uliziruhusu nchi wanachama kuwatafutia wanyama hao familia za kuwalea, mradi afya yao inaruhusu, hawahatarishi afya ya watu wala ya wanyama wengine, na wamezoeshwa kwanza maisha ya nje ya kizimba. Nchini Marekani, mwaka 2022, mbwa wapatao 4,000 wa aina ya beagle waliondolewa katika kituo kimoja cha Virginia na kusambazwa kwa familia, ingawa wengi wao walikuwa wamezalishwa ili wauziwe maabara na hawakuwa wamefanyiwa majaribio bado.

Mpango kama huo hauwezi kuhamishiwa Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega, kama ulivyo. Mbwa aliyekulia maabara hajui ngazi, nyasi wala kuku, na kinga ya mwili wake, yaani uwezo wa kupambana na vijidudu, haijawahi kukutana na magonjwa yanayoenezwa na kupe, kama vile babesia, kijidudu kinachovamia chembe nyekundu za damu, au erlikia, bakteria wanaoshambulia chembe nyeupe. Mbwa wa kienyeji naye huugua, lakini mara nyingi amekutana na vijidudu hivyo tangu utotoni, na wengine huvibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Kumtoa beagle katika chumba safi na kumlaza nje ya nyumba, kandokando ya shamba la miwa, pasipo dawa ya kupe wala daktari wa mifugo wa karibu, ni ukarimu unaoweza kumuua.

Hata hivyo, katika magharibi mwa Kenya mbwa wa utafiti kwa kawaida si wa maabara. Ana mwenyewe na ana boma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mbwa wanaozurura katika Kaunti ya Busia ulitumia mikanda ya shingoni yenye vifaa vya GPS, ambavyo hurekodi mahali mnyama alipo kwa msaada wa setilaiti, ili kujua mbwa hutembea umbali gani kutoka kwao na hupita wapi. Mbwa hao waliendelea kuishi kwa wenyewe muda wote wa utafiti, kwa hiyo swali la kuwatafutia makao halikuzuka. Njia hiyo ndiyo inayofaa zaidi mahali kama Navakholo, kwa kuwa inampa mwanasayansi picha ya mbwa anavyoishi kweli, jambo ambalo kizimba hakiwezi kulionyesha.

Picha hiyo ina thamani kubwa kwa afya ya binadamu. Karibu asilimia 99 ya watu wanaougua kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huo kufikia 2030. Wataalamu hupendekeza asilimia 70 ya mbwa wachanjwe katika kila kampeni, si kwa sababu virusi hivyo vinaenea kwa kasi ya ajabu, maana mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani huambukiza wasiozidi wawili, bali kwa sababu mbwa wa vijijini huishi miaka michache na watoto huzaliwa kila wakati, hivyo idadi ya waliochanjwa hupungua upesi kabla kampeni nyingine haijafika.

Kinachobaki kudaiwa ni wajibu wa watafiti mkanda unapovuliwa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio juu ya wanyama awe na leseni, lakini leseni haimlishi mbwa. Mwenye mbwa anastahili kuelezwa kabla ya kuridhia nani atagharamia matibabu mnyama akiumia, na kamati za maadili, zinazopima kama utafiti ni wa haki, zingefanya vyema kudai chanjo ya marudio iwekwe katika bajeti tangu mwanzo; kuiomba baada ya fedha kwisha ni kazi bure.

Paka ana shida yake ya pekee, nayo husahauliwa kwa urahisi. Mbwa humfuata mtu, ilhali paka hushikamana na mahali, na akihamishiwa boma jipya na kuachiliwa siku hiyo hiyo ana uwezekano mkubwa wa kutoroka. Ndiyo maana anayempokea hushauriwa amfungie ndani kwa majuma mawili au matatu, akimlisha hapo hapo, kabla ya kumwachia ghala la mahindi na panya wake.