Siri Hewani: Kutoka Fonie ya Nyankunde hadi Intaneti Isiyo na Waya

1. Utangulizi

Intaneti isiyo na waya husafirisha ujumbe kwa mawimbi ya redio. Kwa hiyo, katika mtandao wa hadhara, ujumbe haupiti kati ya wawili pekee; mawimbi yake hukifikia kila chombo kilicho karibu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuukinga.

2. Mfano wa fonie

Hali hii si ngeni Ituri. Huko Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, hospitali ya kimisioni iliyoanzishwa miaka ya 1960 iliwasiliana na vituo vya mbali kwa fonie, ambayo Tanzania huitwa redio ya upepo. Yeyote aliyefungulia masafa yaleyale aliweza kusikia yote. Mzungumzaji alilijua hilo, akayapima maneno yake. Mtumiaji wa simu ya leo hamsikii msikilizaji, hivyo hujidhania yu peke yake.

3. Kinyume na usimbaji

Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870, alieleza Kinyume, namna ya kuficha maneno kwa kutanguliza silabi ya mwisho: *siri* huwa *risi*, *kitabu* huwa *bukita*. Sikio husikia, akili isielewe. Usimbaji wa kompyuta una lengo lilo hilo, ila tofauti ni kubwa. Aijuaye kanuni ya Kinyume hufumbua kila kitu; katika usimbaji imara, hata aijuaye kanuni hapati neno bila ufunguo.

Tovuti ambayo anwani yake huanza kwa *https* husimba yale yanayopita kati yake na chombo cha mtumiaji. Hata hivyo, usimbaji hauthibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Vilevile, nenosiri lililobandikwa ukutani ili wote walisome haliufanyi mtandao kuwa wa faragha, na mlaghai aweza kufungua mtandao wake akaupa jina la chuo.

4. Hatua za kinga

Kabla ya kujiunga, yafaa kumwuliza mhusika jina halisi la mtandao, na kuizuia simu isijiunge yenyewe. Onyo kuhusu cheti cha tovuti lisipuuzwe. Programu zisasishwe, na akaunti zilindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili. Kwa shughuli za fedha, ni afadhali kutumia vifurushi vya simu yenyewe.

Zaidi ya hayo, jina la mgonjwa au safari ya mtumishi visipitishwe kwa njia isiyosimbwa. Hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa na kuporwa Septemba 2002, na watu wengi wakauawa. Mahali penye historia hiyo, habari ya nani yuko wapi ni amana.

5. Hitimisho

Fonie iliwafunza watu kunena wakijua kwamba wanasikika. Intaneti ya hadhara yadai adabu hiyohiyo, pamoja na ufunguo.