GIST: Saratani ya tumbo inayoweza kuipita kamera

Mtu wa Kurui, Kisarawe, akiumwa tumbo kila mara huanza na dawa za vidonda vya tumbo. Si kosa, wengi shida yao ni hiyo kweli. Lakini dozi ikiisha na bado anashiba kwa matonge mawili, choo ni cheusi kama lami na damu inazidi kupungua, hapo si pa kurudi duka la dawa.

Moja ya mambo yanayoweza kuleta hali hiyo ni GIST, saratani adimu ya tishu laini. Saratani ya tumbo iliyozoeleka huanzia kwenye utando wa ndani wa mfuko wa chakula. GIST huota ndani ya ukuta wenyewe, kwenye seli zinazoongoza misuli isukume chakula.

Ndiyo maana inasumbua kuipata. Kamera ya tumbo huona utando tu, na kinyama kilichochukuliwa juu juu kinaweza kuleta majibu "safi" wakati uvimbe uko chini yake. Hapo huhitajika CT-Scan, na kinyama cha ndani zaidi. Maabara ya patholojia hukipaka dawa maalumu kutafuta protini iitwayo CD117. Bila hivyo GIST inaweza kupewa jina lingine, na jina likikosewa tiba nayo inakosewa: kemotherapi ya kawaida haiisaidii sana.

Tiba ya kwanza ni upasuaji, daktari akiutoa uvimbe mzima bila kupasuka. Ukiwa umesambaa, au hatari ya kurudi ni kubwa, mgonjwa humeza imatinibu, kwa kawaida miligramu 400 kila siku. Mgonjwa wa kwanza wa GIST aliijaribu Helsinki, Finland, mwaka 2000. Kabla ya hapo GIST iliyosambaa karibu haikuwa na dawa. Anayemeza baada ya upasuaji huendelea hata miaka 3. Wengine huacha wakijiona wamepona, na hapo uvimbe unaweza kuanza upya.

Kutoka Kurui, rufaa hupitia hospitali ya wilaya Kisarawe au Tumbi, Kibaha, hadi Muhimbili na Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mgonjwa abebe nakala ya majibu ya patholojia. Kinyama chake huhifadhiwa maabara ndani ya nta, na kinaweza kupimwa CD117 baadaye bila yeye kukatwa tena.