Désiré anapogeuka Désir: namna majina ya Masisi na Walikale yanavyoharibika ndani ya kompyuta

Kwenye mstari wa kupokea msaada, jina ndilo kila kitu. Mtu aliyekimbia mapigano Masisi ama Walikale ameacha nyumba na shamba. Anachobaki nacho mara nyingi ni kadi ya mpiga kura, ambayo nchini Kongo hutumika kama kitambulisho, na jina lake kwenye orodha. Kadi ikisema Désiré na orodha ikisema Désir, anaweza kuambiwa asimame pembeni angojee.

Karani anaweza kuwa aliandika jina sawasawa. Herufi ya mwisho inaweza kupotea baadaye, ndani ya mashine, pale lugha moja ya programu inapokabidhi maandishi kwa lugha nyingine.

Mpaka kati ya lugha za programu

Siku hizi orodha nyingi zinaandikwa kwa simu, kisha zinatumwa mtandao unapopatikana. Mojawapo ya programu za kazi hiyo ni KoboToolbox, ambayo jina lake limetoka katika Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda, na maana yake ni kuhamisha. Na hatari iko katika kuhamisha huko.

Programu za simu za Android huandikwa mara nyingi kwa Java ama Kotlin. Lakini ndani ya simu hiyohiyo kuna vipande vilivyoandikwa kwa C, kama SQLite, ghala dogo linalotunza data. Data ikifika ofisini mjini, mwingine anaweza kuichambua kwa Python. Kati ya lugha hizo kuna msimbo wa kuunganisha, ambao kazi yake ni kama ya mkalimani mpakani: anapokea maandishi upande huu, anayatoa upande wa pili.

Shida ni kwamba pande hizo hazihesabu namna moja. Java, iliyotoka mwaka 1995, huhesabu maandishi kwa vipimo vya biti 16, na kwake Désiré ni herufi 6. C haijui herufi. Inaona baiti tu, zikifuatana mpaka ifike kwenye sifuri. Katika UTF-8, utaratibu uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na unaotumika leo karibu kila mahali, D ni baiti 1 lakini é ni baiti 2. Basi Désiré ni baiti 8.

Mwandishi wa msimbo akiuliza Java urefu wa jina, ataambiwa 6. Akiiambia C inakili 6, C itanakili baiti 6, na hizo zinaishia kwenye r. Jina limekuwa Désir. Hakuna kengele iliyolia, na orodha inaonekana safi kabisa.

Kiswahili kinaficha kosa

Kosa hili linaweza kuishi miaka mingi bila kuonekana. Anayejaribu programu yake kwa majina kama Bahati, Furaha ama Amani hataliona, kwa sababu herufi za Kiswahili zote ni za baiti moja moja. Kiingereza nacho karibu ni hivyo. Kosa linajitokeza pale wanapoingia Espérance, Joséphine, Noël na Françoise, majina ambayo yamejaa Kivu Kaskazini.

Lugha za kienyeji zinaleta mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliandika utenzi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Rureke, msimuliaji wa Wanyanga wa Walikale. Kitabu chake pamoja na Kahombo Mateene, chenye maandishi ya Kinyanga, kilitoka mwaka 1969. Utenzi wa namna hiyo Wanyanga wanauita kárịsị, na watafiti waliuandika hivyo, kwa alama ya sauti juu ya a na nukta chini ya i.

Neno hilo lina herufi 6 machoni, lakini baiti 11, kwa sababu kila ị inachukua baiti 3. C ikinakili baiti 6 tu, inakata ị ya kwanza katikati. Python ikipokea kipande hicho na kuambiwa ni UTF-8, kwa kawaida inakataa na kusimama. Hapo angalau mtu anajua kuna kosa.

Madhara ya namna tatu

La kwanza ni maandishi kusomwa kwa ufunguo usio wake. UTF-8 ikisomwa kama utaratibu wa zamani wa Windows, Espérance inageuka EspÃ©rance. Inachukiza macho, lakini baiti zote bado zipo, na fundi anaweza kulirudisha jina.

La pili ni alama ya kuulizia. Utaratibu huo wa zamani unaijua á lakini hauijui ị, basi kárịsị inaandikwa kár?s?. Hapo herufi imefutwa, na hakuna fundi wa kuirudisha.

La tatu ni kukatwa, kama Désir. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanana na jina la kweli.

Tena kuna mtego mwingine. Herufi á inaweza kuandikwa kama alama moja, ama kama a ikifuatwa na alama ya sauti peke yake. Kwa njia ya pili kárịsị inakuwa baiti 12. Macho hayaoni tofauti, lakini kompyuta ikilinganisha maneno hayo mawili itasema si sawa. Mtu aliyeandikishwa kwa simu mbili tofauti anaweza kutafutwa asipatikane, ama akahesabiwa mara mbili.

Dawa inajulikana

Kwanza, kila mpaka utaje utaratibu wake waziwazi, na leo hakuna sababu ya kuchagua kingine zaidi ya UTF-8. Pili, urefu unaopewa C uhesabiwe kwa baiti, baada ya kugeuza. Tatu, aliyekopa kumbukumbu ya mashine ili kugeuza maandishi airudishe, la sivyo simu itajaa na programu itakufa katikati ya kazi. Nne, herufi zote zilainishwe kwa umbo moja kabla ya kutunzwa ama kulinganishwa. Na msimbo ukishindwa kugeuza herufi, useme umeshindwa. Usiweke alama ya kuulizia kimyakimya.

La tano halihitaji fundi. Kabla programu haijapelekwa Masisi ama Walikale, mtu aandike ndani yake majina ya watu wa huko, ayatume mpaka mwisho wa safari, kisha ayasome tena herufi kwa herufi. Kama Désiré amerudi na é zake zote mbili, na kárịsị imerudi na nukta zake, orodha hiyo inaweza kupelekwa kwa watu.