Mnyama wa Ukoo Si Ngao ya Nyumba

Katika Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji, mjini Brussels, kuna kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kilichotungwa kati ya mwaka 1370 na 1414 hivi na Claes Heynenszoon, tarishi wa mtawala wa Gelre. Ndani yake zimechorwa ngao zipatazo 1,700, kila moja ya nyumba fulani ya kikabaila. Rwanda ilitawaliwa na Ubelgiji, na koo zake zina wanyama wao. Wapo wanaosema, huko Gisenyi nchini Rwanda kama kwingineko, kwamba wanyama hao ni nembo zilezile, zimekosa mchoraji tu. Tulipime dai hilo.

Kwanza tutazame ngao. Shujaa wa Ulaya aliingia vitani akiwa amefunikwa chuma hadi usoni, hata mwenzake asingeweza kumtambua. Ngao ikapakwa rangi ili iseme kwa niaba ya uso. Ili ionekane kwa mbali, kanuni ilikataza rangi nzito kukaa juu ya rangi nzito nyingine: iliyo nzito ilikaa juu ya dhahabu au fedha, au kinyume chake. Ngao ilirithiwa, na mara nyingi mtoto mdogo aliongeza alama ndogo asichanganywe na kaka yake mkubwa. Kazi ya tarishi ilikuwa kuzijua zote. Shabaha ya mfumo mzima, kwa hiyo, ni kutenganisha: huyu si yule, na nyumba hii si ile.

Sasa tuje kwenye ukoo wa Kinyarwanda. Koo kubwa ni kama ishirini hivi, na nyingi zina mnyama wake. Abanyiginya, ukoo wa wafalme, wana korongo mwenye taji. Abega, waliozaa malkia wengi, wana chura. Abazigaba wana chui, Abasinga wana mwewe, na Abagesera wana inyamanza, yule ndege mdogo anayetikisa mkia uani. Kwa desturi mnyama huyu hachorwi kwenye ngao. Anaheshimiwa kwa mwiko: mwenye ukoo hamuui wala hamli.

Tofauti ya kwanza inaonekana hapo hapo. Ngao ni mali ya nyumba moja, lakini chui ni wa Abazigaba wote, na Abazigaba ni umati wa watu waliotawanyika nchi nzima. Tena koo hizi zinakata katikati ya makundi. Marcel d'Hertefelt, aliyechapisha utafiti wake juu ya koo za Rwanda mwaka 1971, alionyesha kwamba ukoo mmoja huwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Mfugaji tajiri na mfinyanzi maskini waliweza kuwa na mwiko mmoja. Kwa tarishi wa Gelre, alama ya namna hiyo isingefaa kitu.

Je, ilifaa nini basi? Iliunganisha. Abagesera, Abasinga na Abazigaba huhesabiwa kuwa waliokuta ardhi, yaani wenyeji wa kwanza. Kwa sababu hiyo watu wa koo nyingine waliwahitaji kama abase, watu wa kufanya tambiko fulani, hasa mtu alipohamia kiwanja kipya. Hata mtukufu aliyekuja na ng'ombe wengi alimhitaji mwenyeji asiye na kitu. Inyamanza akitua kwenye kiwanja hicho, ilikuwa ishara njema.

Upo mfano mmoja unaokaribia ngao, na haufai kufichwa. Nyumba ya kifalme ya Gisaka, ufalme wa zamani mashariki mwa Rwanda, ilikuwa tawi la Abagesera na iliitwa Abazirankende, yaani wenye mwiko wa nkende, aina ya tumbili. Hapa tawi limejitenga na shina kwa mwiko wake lenyewe, karibu sawa na alama ndogo ya mtoto wa pili. Mfano mmoja, hata hivyo, haufanyi mfumo.

Na nyumba hiyo inatuleta Rubavu, wilaya ulimo mji wa Gisenyi. Aloys Bigirumwami, aliyezaliwa Zaza mwaka 1904, alitoka katika uzao huo wa Gisaka. Mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu, akaongoza Nyundo, juu kidogo ya Gisenyi, hadi mwaka 1973. Kutoka Nyundo alitoa vitabu vinene vya Kinyarwanda juu ya mila, miiko, methali na hadithi. Mjukuu wa wafalme angeweza kukusanya fahari za nyumba za wakubwa. Alichokusanya yeye ni desturi za kila mtu, na naona alichagua sawasawa, kwa sababu huko ndiko mnyama wa ukoo anakoishi.

Utawala wa kikoloni ulichagua vingine. Katika miaka ya 1930 vitambulisho viliandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ukoo, uliowaunganisha watatu hao, haukuwa kigezo cha mgawanyo huo.

Kama mnyama wa ukoo hakutenganisha nyumba za watawala, zilitenganishwa na nini? Na majeshi. Kila mfalme aliunda majeshi mapya, kila jeshi likiwa na jina lake, mkuu aliyeteuliwa, majigambo yake na makundi ya ng'ombe yaliyofungamana nalo. Mtu alirithi jeshi la baba yake. Ukitaja jeshi na mkuu wake, umetaja nyumba, cheo chake na enzi iliyoipandisha, na hiyo ndiyo kazi ya ngao. Habari hizo zilikaa vichwani mwa wajuzi mpaka padri Alexis Kagame alipoziandika na kuzichapisha: kitabu cha majeshi ya ng'ombe mwaka 1961, na cha majeshi ya watu mwaka 1963.

Kwa hiyo dai la nembo zilizokosa mchoraji halisimami. Anayetafuta kitabu cha ngao za Rwanda avisome hivyo viwili vya Kagame, na chui na mwewe awaache kwa abase.