Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wanawake wa Gazi na Utalii wa Kijamii

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mara kwa mara utalii unapozungumziwa, ila ni nadra kuulizwa swali la msingi: mwenyeji huyo ni nani? Katika Pwani ya Kenya, mgeni anaweza kula, kulala na kuogelea wiki nzima bila senti yake kukifikia kijiji kilicho nyuma ya hoteli. Mwanamke naye, kwa muda mrefu, amepewa kazi ya kufua mashuka, kucheza ngoma za jioni na kuuza leso ufuoni. Ametumiwa kama mikono na kama pambo, uenyeji amenyimwa.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba utalii wa kijamii hudumu pale mwanamke anapomiliki mambo matatu: kivutio chenyewe, mfuko wa fedha, na maelezo anayopewa mgeni. Mfano wetu ni kijiji cha Gazi.

Daraja la mbao na mfuko wa kikundi

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Mikoko ya ghuba yake ilikatwa mno katika karne iliyopita kwa ajili ya kuni na miti ya kujengea, na kuanzia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji wakashirikiana kuipanda upya. Katika miaka ya 2000, kikundi cha wanawake kilianzisha daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hiyo. Mgeni hulipa kiingilio, hutembezwa, na akitaka huandaliwa vyakula vya Kiswahili.

Ikumbukwe kwamba mapishi na ukarimu ni kazi ambazo mwanamke wa Pwani amezifanya tangu jadi bila malipo. Kilichobadilika Gazi ni kwamba kazi hizo zina bei, na bei hiyo huingia katika mfuko wa kikundi. Aidha, mkoko ukikatwa, kivutio kimekufa na mfuko umetoboka. Kwa hiyo uhifadhi umekuwa suala la riziki, na mlinzi wa msitu ni yule anayeishi kando yake.

Anayesimulia ndiye mwenyeji

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jambo la ziada la kuzingatia hapa. Mgeni hufika akidhani kwamba mikoko ni mti mmoja. Wenyeji wa Pwani wanaijua kwa majina: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama magoti, mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama vijiti, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, mlilana unaosimama karibu na maji na kutoa mataruma ya vyombo, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Miti iliyokatwa nayo hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hii ni taaluma kamili iliyohifadhiwa katika msamiati, na mwanamke anayemtembeza mgeni darajani ndiye mhadhiri wake. Simulizi hiyo ikiachiwa kampuni ya mjini, kijiji kitabaki kuwa mandhari ya kupigwa picha.

Mgeni asipokuja

Waama, utalii una udhaifu wake. Machi 2020, Kenya ilisitisha safari za ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikurejea hadi Agosti mwaka huo. Kijiji kinachomtegemea mgeni peke yake huumia sana wakati kama huo. Chukua mfano wa Umoja, kijiji cha wanawake wa Kisamburu karibu na Archer's Post kilichoanzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli pamoja na wenzake. Shanga na kambi ya wageni ni nguzo kuu za mapato yao. Mgeni akikosekana, nguzo zote mbili hutikisika kwa pamoja.

Gazi ina mhimili mwingine. Tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na jamii za Gazi na Makongeni, huhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni iliyofyonzwa na miti hiyo. Biashara hii haimhitaji mnunuzi atue uwanja wa ndege. Sehemu ya mapato yake imeleta maji vijijini, na anayepunguziwa mzigo wa ndoo kwanza ni mwanamke. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Funzo ni kwamba mikoko ileile humlisha mwenyeji kwa njia mbili, mradi isimame.

Hitimisho

Bado pana kikwazo: kazi ya darajani haijaondoa kazi ya nyumbani, na mwanamke mmoja hawezi kubeba zote mbili daima. Wanaume wa kijiji wana sehemu yao katika hilo. Nasi wanavyuo tuna yetu. Tuukusanye msamiati wa mikoko kabla haujapotea, tuwaandike wanawake hawa kama wataalamu badala ya wasailiwa wasio na majina, na kazi zetu zirudi Gazi kwa Kiswahili, zikae pale darajani zitumiwe na wenye ujuzi wao. Tukichukua maneno na kuondoka, tutakuwa wageni waliopona huku mwenyeji akiachwa mgonjwa.